Klabu ya sayansi Soroti inataka kubuni ndege yake ya kwanza: tuanzie wapi?

Mwalimu wa Fizikia, Soroti

Ndugu zangu, salaam. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Soroti, na ndiye msimamizi wa klabu ya sayansi ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Kama wengi wenu mnavyojua, mji wetu una chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, kwa hiyo watoto wetu hukua wakitazama ndege ndogo za mafunzo zikipaa, zikizunguka na kutua mchana kutwa. Muhula huu wameniambia kwamba wamechoka kuchora ndege ubaoni. Wanataka kubuni moja, waitengeneze kwa mikono yao, na iruke.

Nina maswali matatu. La kwanza linahusu nadharia. Vitabu vingi vya shule hueleza kwamba hewa inayopita juu ya bawa ina njia ndefu zaidi, hivyo hulazimika kwenda kasi ili ikutane tena na hewa ya chini kwenye ukingo wa nyuma. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza: ikiwa ndivyo, mbona ndege za maonyesho huruka zikiwa zimegeuzwa tumbo juu, na mbona ndege ya karatasi, ambayo bawa lake ni bapa, nayo huruka? Sikutaka kumpa jibu la kumnyamazisha tu, kwa hiyo nimeahidi kumtafutia jibu la kweli.

La pili ni vifaa. Miongozo niliyoisoma hutaja mbao nyepesi za balsa, ambazo sijawahi kuziona zikiuzwa mjini kwetu. La tatu ni hesabu: je, kuna kiasi cha hesabu ambacho mtoto wa kidato cha tatu anaweza kukifanya akiwa na rula na mizani, na ambacho kitamfanya awe mbunifu kweli badala ya mkata karatasi anayebahatisha?

Fundi wa Ndege, Entebbe

Mwalimu, pokea pongezi zangu, na umfikishie huyo binti pongezi zake, kwa sababu swali lake limegonga mahali penyewe. Maelezo ya hewa kuachana mbele na kukutana nyuma kwa wakati mmoja si sahihi. Moshi ukipulizwa kwa vipindi mbele ya bawa lililo ndani ya kipitisho cha upepo, yaani sanduku refu linalopitishwa upepo ili kupimia mabawa, unaonekana wazi kwamba ule wa juu hufika ukingo wa nyuma mapema kuliko ule wa chini, hausubiri chochote. Bernoulli, mwanasayansi ambaye kanuni yake hutajwa katika maelezo hayo, hana kosa katika jambo hili, kwani ni kweli kwamba mahali hewa inapokwenda kasi zaidi shinikizo lake hupungua. Kosa liko katika sababu inayotolewa ya kasi hiyo.

Waeleze hivi: bawa lililoinuliwa kidogo ukingo wake wa mbele, au lililopindwa mgongo, huilazimisha hewa igeuke na kuelekea chini, na kwa kanuni ya tatu ya Newton hewa nayo hulisukuma bawa kwenda juu. Kugeuka huko kwa hewa kunaambatana na shinikizo dogo juu ya bawa na shinikizo kubwa zaidi chini yake. Haya si maelezo mawili yanayogombana. Ni jambo moja lililotazamwa kwa njia mbili. Ndege iliyogeuzwa tumbo juu huruka kwa sababu rubani anaelekeza pua juu zaidi ili bawa liendelee kuipeleka hewa chini, na ndege ya karatasi huruka kwa sababu hata bawa bapa likiwa na pembe ndogo dhidi ya upepo huweza kuigeuza hewa.

Sasa kuhusu mahali pa kuanzia. Anzeni na glaida, yaani ndege isiyo na injini, na msiguse injini mpaka glaida yenu iweze kuruka moja kwa moja bila kupiga mbizi wala kuyumba. Ndivyo historia ilivyokwenda. Otto Lilienthal wa Ujerumani aliruka na glaida zake mara nyingi mno kabla ya kufa kwa ajali mwaka 1896, na ndugu Wright wa Marekani walitengeneza glaida tangu mwaka 1900. Ile ya mwaka 1901 ilipoinua uzito mdogo kuliko majedwali ya wakati ule yalivyoahidi, walirudi nyumbani Dayton, wakatengeneza kipitisho cha upepo cha sanduku, na wakapima wenyewe mabawa madogo ya maumbo mengi. Glaida ya mwaka 1902 ilitokana na vipimo hivyo. Injini ilifungwa mwisho kabisa, na tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao ikakaa angani sekunde 12 katika mruko wake wa kwanza.

Hesabu mnazohitaji ni za kuzidisha na kugawanya tu. Chukueni mfano huu, kisha watoto wabadilishe tarakimu wapendavyo. Mabawa yawe na urefu wa sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Eneo ni sentimita za mraba 600. Mkia uwe nyuma kiasi kwamba umbali kutoka robo ya kwanza ya upana wa bawa hadi robo ya kwanza ya upana wa mkia ni sentimita 30. Wabunifu hupima ukubwa wa mkia wa mlalo hivi: eneo la mkia mara umbali huo, gawanya kwa eneo la mabawa mara upana wa bawa. Kwa ndege ya kawaida jibu hukaa karibu na 0.5, kwa hiyo mkia wenu unahitaji sentimita za mraba 100, tuseme sentimita 20 kwa 5. Kwa mkia wa wima kanuni inafanana, ila upana wa bawa unabadilishwa kwa urefu wa mabawa ncha hadi ncha, na jibu zuri ni karibu 0.03; hapo mnapata sentimita za mraba 36. Mwanafunzi akiuliza kwa nini asifupishe kiwiliwili, mwambie afanye hesabu upya kwa sentimita 15, na ataona mwenyewe kwamba mkia unalazimika kuwa mkubwa maradufu, pamoja na uzito na ukinzani wake wa hewa. Ubunifu wa ndege ni mivutano ya namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho: ukipunguza hapa, unalipa pale.

Jambo lililo muhimu kuliko yote, na ndilo linaloziangusha modeli nyingi za wanaoanza, ni kitovu cha uzito. Shikeni modeli kwa ncha mbili za vidole chini ya mabawa, na mtafute mahali inapotulia bila kuinamia mbele wala nyuma. Pawe kati ya sentimita 2.5 na 3 kutoka ukingo wa mbele wa bawa. Modeli ikitoka mezani kwa mara ya kwanza, karibu kila mara kitovu chake huwa nyuma mno, na dawa yake ni uzito puani. Msibahatishe uzito huo. Upigieni hesabu kama pembea ya ubao. Tuseme modeli ina gramu 30 na inatulia kwenye sentimita 6 nyuma ya ukingo wa mbele, nanyi mnataka sentimita 3, na pua iko sentimita 12 mbele ya ukingo huo. Kila gramu ya modeli iko sentimita 3 nyuma ya mahali mnapopataka, jumla 90. Kila gramu ya puani iko sentimita 15 mbele ya mahali hapo. Gawanya 90 kwa 15, unapata gramu 6.

Hiyo si hesabu ya watoto peke yao. Ndege iliyofanyiwa kazi kubwa hupimwa upya juu ya mizani, na sisi mafundi tunakokotoa kitovu chake cha uzito kwa kuzidisha uzito na umbali vivyo hivyo. Rubani naye anapaswa kufanya hesabu hiyo hiyo akipakia abiria, mizigo na mafuta. Ndege kama Cessna 172 ina kikomo cha kilo 54 katika sehemu yake kuu ya mizigo nyuma ya viti, na kikomo hicho hakivukwi hata kama injini ina nguvu ya kubeba zaidi, kwa sababu mzigo uliokaa nyuma mno unaunyang'anya mkia uwezo wa kuirudisha pua chini.

Mchonga Modeli, Jinja

Mwalimu, kuhusu vifaa usihangaike kutafuta balsa. Nimekuwa nikitengeneza modeli kwa miaka mingi, na vitu vinavyofaa viko karibu nawe.

Kwa mabawa na mkia, tumieni stairofomu ngumu, ile nyeupe inayokuja ndani ya katoni za televisheni na friji. Wenye maduka ya vifaa vya umeme huitupa, na wakiombwa kwa adabu huwapa watoto bure. Ikateni vipande vya unene wa milimita 5 kwa wembe mpya, mkiupitisha taratibu mara kadhaa badala ya kukandamiza mara moja, kwani wembe butu hung'oa chembe na kuacha ukingo wenye mashimo. Kwa kiwiliwili, kijiti kilichonyooka cha mwanzi kilichopasuliwa na kulainishwa kinatosha. Walio karibu na vinamasi, na Teso haina upungufu wa vinamasi, wanaweza kujaribu bua la mafunjo lililokaushwa kivulini: ni jepesi ajabu kwa sababu ndani yake mna sponji, ila huvunjika likikunjwa, kwa hiyo lifungeni uzi wenye gundi mahali bawa linapokaa.

Gundi ni jambo la kuangalia sana. Supa gluu ya kawaida huiyeyusha stairofomu mbele ya macho yako, na petroli na rangi ya kupulizia hufanya hivyo hivyo. Tumieni gundi nyeupe ya mbao, mpake kidogo tu, kisha muache kazi ilale usiku mzima. Uzito wa puani uwe udongo wa mfinyanzi, ambao mnaweza kuongeza au kubandua kidogo kidogo mkiwa uwanjani.

Nyongeza tatu kwa vipimo alivyotoa Fundi. Mosi, mabawa yasiwe sambamba kabisa na ardhi. Kateni bawa katikati na muunganishe upya ili kila ncha iinuke kama sentimita 2.5 juu ya katikati. Modeli ikilala upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea upande huo, na bawa la upande ulioshuka hukutana na hewa kwa pembe kubwa zaidi, likajiinua lenyewe. Pili, ukingo wa mbele wa bawa uinuliwe milimita 4 au 5 kuliko ukingo wa nyuma kwa kuweka kipande chembamba cha stairofomu chini yake, huku mkia ukiwa umelala sawasawa na kijiti. Tatu, lipindeni bawa mgongo kidogo kwa kulibingirisha taratibu juu ya chupa, ili katikati yake pawe juu kwa milimita 4 au 5 hivi.

Watoto watataka kuiga bawa nene la Cessna. Wakatazeni kwa sababu, si kwa amri. Bawa la Cessna 172 limetokana na umbo linaloitwa NACA 2412, ambalo unene wake ni asilimia 12 ya upana, na linafanya kazi vizuri katika kasi na ukubwa wake. Wahandisi hutumia namba ya Reynolds, inayounganisha kasi, upana wa bawa na unato wa hewa. Kwa Cessna iliyo safarini namba hiyo ni mamilioni; kwa modeli ya sentimita 10 inayokwenda polepole ni kama 25,000 tu. Katika namba ndogo kiasi hicho hewa hubanduka upesi kutoka kwenye mgongo wa bawa nene, na kipande chembamba kilichopindwa kidogo hulishinda bawa hilo bila taabu. Tazameni bawa la kereng'ende: ni jembamba mno na lina mikunjo, wala halina umbo la bawa la ndege kubwa.

Rubani, Kajjansi

Naomba kuongeza jambo ambalo huku kwetu linatuhusu kuliko watu wa pwani, nalo ni wepesi wa hewa. Soroti iko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa Entebbe uko takriban mita 1,150. Katika vitabu, hewa ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15 za Selsiasi ina kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Hapo Soroti, siku yenye nyuzi 27, ni karibu kilo 1.03 tu.

Kanuni ya nguvu ya kuinua ni hii: nusu ya msongamano wa hewa, mara mraba wa kasi, mara eneo la mabawa, mara kizidishi kinachotokana na umbo na pembe ya bawa. Modeli mnayoijadili, ikiwa na gramu 36 baada ya kuongezewa udongo, na tukichukua kizidishi cha 0.6, itahitaji kasi ya karibu mita 4.4 kwa sekunde hapo Soroti. Modeli hiyo hiyo ikipelekwa Mombasa siku yenye joto kama hilo, mita 4.1 zingetosha. Wanafunzi waifanye hesabu hiyo kwa mikono kabla ya kurusha, kwa sababu itawaambia wairushe kwa nguvu gani: mita 4.4 kwa sekunde ni kama kilomita 16 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia kwa kasi kiasi. Wengi hutupa modeli kama wanarusha jiwe, ikapanda ghafla na kuanguka, kisha wanalaumu ubunifu.

Kwa ndege halisi jambo hili ni zito zaidi, maana hewa nyepesi inadhoofisha vitu vitatu kwa wakati mmoja: mabawa, pangaboi, na injini yenyewe inayovuta hewa hiyo ili kuchoma mafuta. Kwa sababu hiyo ndege hutumia sehemu ndefu zaidi ya njia kabla ya kupaa. Kipimo cha kasi ndani ya chumba cha rubani hakimwonyeshi tofauti hiyo, kwa kuwa nacho hupima kwa shinikizo la hewa ile ile. Kikisoma noti 60 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) katika joto la mchana wa Entebbe, kasi ya kweli ya ndege ndani ya hewa ni karibu noti 66. Mwanafunzi wa urubani anayejifunza kwenye nyanda zetu huzoea mapema kutazama kipimajoto na jedwali la kupaa kabla ya kuwasha injini.

Wapeni pia zoezi la kugawanya uzito kwa eneo la mabawa. Modeli yenu ina kama kilo 0.6 kwa mita ya mraba. Cessna 172 yenye kilo 1,111 na mabawa ya mita za mraba 16.2 ina karibu 69. Airbus A330-800 ya Uganda Airlines, ikiwa imejaa, inazidi kilo 500 kwa mita ya mraba. Waulize ni ipi kati ya hizo tatu inayohitaji njia ndefu ya kurukia, na kwa nini ndege kubwa hutoa flapu, yaani vibao vinavyoshushwa, nyuma ya mabawa kabla ya kutua.

Mwalimu wa Fizikia, Soroti

Nawashukuru nyote kwa moyo mkunjufu. Tumetengeneza modeli mbili kwa vipimo vya Fundi, moja ikiwa na kiwiliwili cha mwanzi na nyingine cha mafunjo. Tulirusha asubuhi mapema uwanjani, kabla upepo haujaanza. Ya mwanzi iliruka moja kwa moja, ikitokea usawa wa bega na kutua mbali vya kutosha kuwafanya watoto wapige kelele. Ya mafunjo inaendelea kututatiza: inapanda kidogo, inasita, inainamisha pua, inapata kasi, kisha inapanda tena, mpaka inagonga chini. Juu ya hayo inapinda kushoto. Wanafunzi wamegawanyika, wengine wanataka kuongeza udongo puani, wengine wanataka kukata mkia. Je, tufanye lipi?

Pia wameuliza kama kuna njia ya kuipima nguvu ya kuinua yenyewe, badala ya kuiona kwa macho tu.

Fundi wa Ndege, Entebbe

Mwalimu, habari njema sana hizo. Mwendo wa kupanda na kusita mnaouona maana yake ni kwamba pua inainuka mpaka bawa linapita pembe ambayo hewa inaweza kuifuata. Hapo hewa inabanduka kutoka kwenye mgongo wa bawa, nguvu ya kuinua inapungua ghafla, na pua inaanguka. Marubani hukuita stoli. Katika bawa la kawaida hutokea karibu na nyuzi 15, na inafaa watoto waelewe kwamba inategemea pembe, wala si injini kuzimika.

Msikate chochote. Kwanza pimeni tena kitovu cha uzito cha modeli ya mafunjo. Nadhani bua lina unyevu mkiani, na kama ndivyo kitovu kimerudi nyuma. Ikiwa kiko mahali pake, basi tofauti ya pembe kati ya bawa na mkia ni kubwa mno. Punguzeni unene wa kile kipande kilicho chini ya ukingo wa mbele kwa milimita 1. Kuhusu kupinda kushoto, ishikeni modeli mbele ya uso wenu na muitazame kutokea nyuma: mtaona bawa moja limejikunja, yaani ukingo wake wa nyuma umeshuka au umepanda kuliko wa mwenzake. Linyoosheni kwa joto la pumzi na vidole. Kama mabawa yako sawa, angalieni mkia wa wima.

Sharti langu ni moja: badilisheni kitu kimoja tu kila mnaporusha, na mwanafunzi mmoja aandike daftarini kilichobadilishwa, umbali uliopatikana na upepo ulivyokuwa. Mkibadilisha udongo na pembe pamoja, na modeli ikaruka vizuri, hamtajua ni kipi kilichoitengeneza, na modeli ya tatu itawarudisha mwanzo. Kipimo cha kuandika ni umbali uliorukwa ukigawanywa kwa kimo cha kurushia. Modeli iliyotoka mita 1.5 juu ya ardhi na kutua mita 9 mbele ina uwiano wa 6. Cessna 172 yenye injini iliyozimwa hupata karibu 9, na glaida za mashindano hupita 40, kwa hiyo watoto watakuwa na kitu cha kufukuzia.

Nguvu ya kuinua mnaweza kuipima darasani. Tafuteni feni ya mezani, mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja, katoni ndefu iliyotobolewa pande mbili, na mirija mingi ya soda. Jazeni mirija ndani ya katoni ikiwa imelala sambamba, kwa sababu upepo wa feni hutoka ukizunguka, na mirija huunyoosha. Kipande cha bawa cha sentimita 20 kwa 10 kifungeni juu ya kijiti cha wima kilichosimamishwa kwenye kigogo kizito, kigogo kikae juu ya mizani, na mizani izungushiwe ukuta wa katoni ili upepo usiiguse. Iwekeni mizani kwenye sifuri feni ikiwa imezimwa. Mkiwasha feni, tarakimu zitashuka chini ya sifuri, na hizo gramu zilizopungua ndizo bawa linaloinua. Kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde tarajieni gramu kumi hivi, si zaidi sana.

Sasa pimeni kwenye nyuzi 0, 5, 10, 15 na 20, mkitumia protrakta ya hisabati, na mchore grafu. Mstari utapanda karibu kinyoofu, utajikunja, kisha utalala au kuanguka. Huyo binti aliyeuliza swali la kwanza ndiye ningependa ashike protrakta, kwa maana kipande bapa na kipande kilichopindwa vikipimwa kwa zamu, atapata jibu lake kwenye daftari lake mwenyewe: bapa itasoma karibu sifuri kwenye nyuzi 0, na iliyopindwa itakuwa tayari inainua.

Mchonga Modeli, Jinja

Bua la mafunjo lirudisheni kivulini siku kadhaa zaidi, kisha mlipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji ili lisinyonye umande wa asubuhi.

Modeli ya mwanzi ikishatulia, hatua inayofuata ni mpira uliosokotwa. Pangaboi la plastiki linaweza kuchongwa kutoka kwenye ubavu wa chupa ya maji, ekseli ikawa waya wa spoki ya baiskeli, na mpira ukawa mistari iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, japo mpira wa maofisini hudumu zaidi. Pangaboi likiwa puani mtalazimika kupunguza udongo, na hesabu ya pembea mliyoifanya itarudiwa yote. Elekezeni ekseli chini kwa nyuzi 2 au 3, la sivyo nguvu ya mwanzo ya mpira itaipandisha pua, nanyi mtarudishiwa ule ule mwendo wa kupanda na kusita.

Mkitamani baadaye chombo chenye mota ya umeme kinachoongozwa kwa rimoti, andikieni kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda muulize masharti ya kibali, hasa kwa kuwa mko jirani na uwanja ambao ndege za mafunzo zinautumia kutwa. Kwa glaida na mpira hamna shida, ila mchague uwanja ulio mbali na njia ya ndege hizo. Mkishapima pangaboi la kwanza, tuandikieni hapa uzito wa modeli nzima, kipenyo cha pangaboi na idadi ya mizunguko ya mpira, nasi tutawasaidia kukadiria itapanda kwa muda gani.